Ripoti Niliyoandika Watu Wakiwa Wamelala

Vijana wangu, mikoba mmepewa, tena mizuri, yenye zipu. Mimi nilianza na kikapu cha sokoni. Juzi mlipokuja kunisalimia hapa Nyalenda, mmoja wenu aliniomba niwape siri ya kazi kabla hamjapelekwa visiwani. Nilicheka mpaka nikakohoa. Siri gani, yawa! Kazi ya kutembea juani na dawa za watu haina siri, ina makosa tu, na anayekwambia hakuwahi kukosea ujue alikuwa hatoki ofisini.

Basi nitawapa kosa langu. Si dogo. Mwenye haki ya kunikataza nisilisimulie ameniruhusu, mradi nisimtaje jina wala nisiitaje bichi yao, ule ufukwe wavuvi wanapotia boti. Yeye nitamwita Pamela. Bichi nitaiita Ng'ambo, kwa kuwa ukifika Luanda Kotieno unavuka kwa feri, halafu unapanda boti tena. Anayeifahamu aifahamu na anyamaze.

Ila kabla ya hapo acheni niwaambie habari ya chupa, nisije nikaisahau, maana hii itawasaidia wiki yenu ya kwanza.

Dawa za kinga, zile anazomeza kila siku mtu asiye na virusi vya UKIMWI ili asivipate, tulikuwa tunazigawa kwenye chupa ya plastiki. Chupa yenyewe haina tofauti na ya wanaotumia ARV, dawa za wenye virusi. Ukitembea nayo inalia chaka-chaka-chaka, na bichi nzima inageuka. Wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, wakawa wananirudishia. "Mama Beryl, chukua tu. Hii kitu inanisema." Mimi nikajiona mwerevu. Nikawaambia wazimimine, wazifunge kwenye pindo la leso, pale wanapofunga sarafu. Sasa fikiria, mwanamke ameosha omena, leso imelowa tangu alfajiri, na ndani yake kuna dawa. Mwezi uliofuata wakanifungulia mafundo yao nikaona uji.

Sista Dorina, muuguzi niliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Akaniuliza mbele za watu, "Mama Beryl, huo udaktari umesomea wapi?" Kisha akatoa pamba, akaishindilia ndani ya chupa juu ya vidonge, akaacha kile kipakiti kinachonyonya unyevu, akabandua karatasi ya nje, akatikisa. Kimya kabisa. Kwa hiyo pamba itangulie mkobani kabla ya fomu za ofisi. Na mtu akiwa anaanika omena msimsimamie kichwani mkimhubiria. Inama, mgeuzie omena upande wa pili. Hana mikono ya kukupa, basi mpe yako, mtazungumza tu.

Haya. Pamela.

Alikuwa anaanika na kuuza omena pale Ng'ambo. Mrefu, mkali, mwenye kucheka kwa pua kama hataki ujue amefurahi. Mumewe, tumwite Ojwang', alikuwa kwenye boti za omena. Siku tuliyowapima pamoja, Ojwang' alikutwa na virusi na Pamela hakukutwa navyo. Nimeona nyumba nyingi zikivunjika kwa majibu ya namna hiyo. Hawa walitazamana muda mrefu, halafu Pamela akauliza, "Sista, sisi tunataka mtoto. Tutafanyaje?"

Dorina aliwaeleza polepole. Ojwang' ameze ARV zake kila siku, na zikishavikandamiza virusi mpaka visionekane kwenye kipimo cha damu, hataweza kumwambukiza mkewe. Lakini hilo huchukua miezi. "Mpaka kipimo cha mume wako kituambie tuko salama," akamwambia, "wewe hii yako ya kinga usiiruke hata siku moja. Na kondomu hizi hapa." Pamela akazihesabu siku kwa vidole, akasema sawa. Kila tulipokwenda alikuwa wa kwanza kuja, na chupa yake ilikuwa imeisha siku ile ile inayotakiwa kuisha. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuona mtu aliyeishika dawa namna ile.

Sasa ratiba. Ofisi yetu ya Kisumu ilikuwa imepanga Jumatano ya pili ya kila mwezi. Tunatoka Kisumu alfajiri, tunasubiri feri, tunasubiri boti, tunatia mguu Ng'ambo saa tano asubuhi. Tunakuta nini? Wanawake wapo, watoto wapo, bata wapo. Wanaume, mwezi mmoja wamelala ndani ya vibanda vya mabati wakikoroma, mwezi mwingine hawapo kabisa, wameenda makwao. Mara moja nilijitia ujasiri nikamgusa mmoja mguu ili nimwambie habari ya kupimwa. Alinijibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, mimi ni mama wa kanisa.

Fomu ya ripoti ilikuwa na nafasi ya kueleza kwa nini watu waliofikiwa ni wachache. Nikaandika, "Wanaume wa bichi hii hawana mwamko kuhusu afya zao." Nilikuwa nimeketi kwenye feri, soda mkononi, upepo mzuri. Mwezi wa pili nikaandika hivyo hivyo. Wa tatu pia. Nilikuwa naipenda ile sentensi, niliona imekaa vizuri.

Mtaniuliza, kwa nini hukuuliza? Hapo ndipo aibu yenyewe ilipo. Mimi ni Mjaluo wa mjini, nimezaliwa hapa hapa Nyalenda, samaki namjua akiwa kwenye sufuria. Omena anavuliwa vipi, anavuliwa lini, sikujua hata chembe. Na mtu mwenye jina kama langu, anayeongea Dholuo kama mimi, atasimamaje kando ya ziwa aulize swali la kitoto namna hiyo? Mgeni kutoka Nairobi angeuliza siku ya kwanza na angejibiwa. Mimi nilitikisa kichwa nikajifanya najua. Waliponiambia, "Mama, leo wamechoka, jana ilikuwa giza," niliitikia "Eeh, giza," kana kwamba nimeelewa, na sikuelewa kitu.

Shida ya ripoti ni kwamba kuna siku husomwa. Yangu ilisomwa. Ofisi ikasema, kama watu wenyewe hawataki, boti ipelekwe kwingine. Ng'ambo ikafutwa kwenye orodha, mimi nikahamishiwa mtaa wa Manyatta kwa vijana wa bodaboda. Je, nilimkumbuka Pamela? Nilimkumbuka. Nikajiambia, yule ni mwerevu, atavuka aende kwenye kliniki. Namba yake ya simu nilikuwa nayo na sikumpigia. Nawaambia hivi kwa sababu mkisikia watu wakisema kosa lilikuwa la ofisi, mjue na mimi nilikuwa na kidole changu mle.

Ikapita kama miezi mitatu. Siku moja niko Manyatta kwenye hema letu karibu na stendi ya bodaboda, napanga kondomu kwenye boksi, nikaona mtu mrefu amesimama mlangoni. Viatu vimejaa vumbi. Nikafurahi, nikasimama nimkumbatie, akaninyooshea kiganja nisimame hapo hapo.

"Ni wewe uliandika sisi hatuna mwamko?"

"Pamela, keti kwanza."

"Sikuja kuketi. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa ndani wakajua mambo si mambo, wakatoka wenyewe. Ndipo akanieleza. Walitungoja Jumatano ile, hatukuja. Iliyofuata hatukuja. Dawa yake ya kinga ikaisha, kondomu zikaisha, na kipimo cha Ojwang' kilikuwa bado hakijasema wako salama. Akavuka hadi kliniki, akaacha omena wake wameanikwa, wakanyeshewa. Kliniki wakamwambia faili yake haipo, iko kwenye sanduku la watu wa boti, arudi wiki ijayo. Akarudi. Wakamwambia vile vile. Mara ya tatu akaamua kuifuata faili yenyewe mpaka Kisumu, akazunguka ofisi mbili, na huko mtu mmoja, kwa kumsaidia tu, akamsomea kwa nini bichi yao ilifutwa, akamwelekeza hema letu lilipo.

"Mama, omena anavuliwa usiku wa giza," aliniambia, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Tunawasha taa, anaifuata. Mwezi ukiwa mkubwa taa haimvuti, basi wanaume wanakunja nyavu wanaenda kwao. Giza likirudi, wanarudi. Mtu amekaa kwa maji usiku mzima, anatoka asubuhi anaenda kulala. Wewe unakuja saa tano. Unataka akuamkie na nini? Na mwezi mkubwa unakuja, hayuko. Halafu unaandika hana mwamko. Hata ungeniuliza mimi! Si nilikuwa hapo kila siku unakuja?"

Nilimsogezea kiti, hakukitazama.

Dorina alikuwa nyuma ya pazia akimpima mtu mwingine, akasikia yote. Alipomaliza akaja, akamshika Pamela mkono, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Njoo tukupime kwanza, kisha umpige huyu." Pamela akacheka kwa pua, kidogo sana. Tukaketi watatu. Dorina akamdunga kidole, akaweka tone, tukangoja tuone ni mstari mmoja au miwili, na miwili ni virusi. Ule ulikuwa muda mrefu kuliko safari zote za feri nilizowahi kusafiri. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, nikimwambia Mungu achukue chochote changu.

Mistari miwili.

Dorina akafungua kipimo cha aina nyingine cha kuhakikisha. Mistari miwili tena.

Nililia, vijana. Nilianza kulia kabla ya mwenye majibu. Pamela akaniangalia akasema, "Wacha kulia, Mama. Ukilia mimi ndio nitakubembeleza, na leo sina nguvu hiyo." Nikanyamaza. Hilo nalo mlishike, machozi yako ni mzigo kwa mgonjwa, nenda ukayalie nyumbani.

Akaweka mikono juu ya magoti. Halafu akauliza, "Kwa hivyo mtoto?"

"Mtoto utazaa," Dorina akamwambia, "na ukimeza dawa vizuri kuanzia leo, hatakuwa na virusi." Na ikawa hivyo. Yule mtoto sasa anafukuza bata wa majirani na damu yake ni safi. Lakini siku ile ilikuwa ahadi tu, na aliyeitoa alikuwa mtu wa kundi lile lile lililomwahidi Jumatano.

Ndipo Pamela akauliza swali ambalo mimi, niliyelipwa kuuliza, sikuwa nimeliuliza. "Na wale wengine?"

"Kina nani?"

Akawataja. Wanawake kumi na mmoja, mmoja mmoja kwa majina, na wanaume wanne ambao sikujua hata kwamba walikuwa wakimeza dawa zangu, wake zao walikuwa wanawachukulia. "Wote wamekaa na chupa tupu kama mimi. Labda wao bado. Mimi imeshapita, Mama. Wao bado. Mnaenda lini?"

Sikumwambia ofisi haijaamua. Nilimwambia tunaenda. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile nilitoa ahadi kabla ya kupewa ruhusa, na sijajuta.

Pamela alilala kwangu siku hiyo. Ukutani nilikuwa na kalenda ya kanisa, ile yenye vimduara vidogo vinavyoonyesha mwezi unavyokua. Ilikuwa imening'inia hapo mwaka mzima na sikuwahi kuangalia vile vimduara. Tukaiweka mezani, akachukua kalamu. Hakuweka alama kwenye mwezi mkubwa, kwa sababu wakati huo wameshaondoka. Aliweka alama siku moja mbili kabla, siku wanayovuta boti nchi kavu, wakaosha taa na kukunja nyavu. Siku hiyo wote wapo, wote wako macho, na kila mmoja anataka kuondoka na dawa za kumtosha mpaka arudi. Tukapata siku moja kila mwezi, na karibu hakuna iliyoangukia Jumatano ya pili.

Kesho yake tukaenda ofisini. Bwana aliyesimamia ratiba alikuwa kijana mwenye adabu, tai imefungwa vizuri, alituletea chai. Akaangalia kalenda yetu. "Mama, mpango wetu unataka siku moja isiyobadilika kila mwezi. Mfumo hautakubali hizi."

"Mfumo unavua omena?" nikamuuliza.

Akatabasamu, akaona mimi sitabasamu, akaacha. Pamela akaongeza jambo la pili. Hataki tu boti irudi, anataka dawa za kujazia zikae kule kule bichini kwa mtu wao, ili boti isipokuja watu wasikae na chupa tupu.

"Nani atazishika?"

"Mimi."

"Una mafunzo?"

"Nifundishe," akasema Pamela. "Nimetoka ziwani mpaka hapa kutafuta faili. Nitashindwa kuja kufundishwa?"

Yule bwana akanigeukia. Akasema ili bichi irudishwe kwenye orodha lazima iwepo ripoti mpya inayoeleza kwa nini ile ya kwanza haifai, na aliyeiandika ya kwanza ndiye aandike ya pili. Akapunguza sauti, akaniambia kwa wema kabisa, "Utajiharibia, Mama Beryl. Umebakisha muda mfupi ustaafu. Ngoja tutafute njia nyingine." Njia nyingine ingechukua miezi. Kuna wanawake kumi na mmoja na wanaume wanne ng'ambo ya maji. Nikaomba kalamu. Niliandika kwamba wanaume walikuwa wamelala kwa sababu walikuwa wametoka kazini, kwamba mwandishi hakuuliza, na kwamba mtu mmoja ameambukizwa baada ya sisi kuacha kwenda. Nikatia sahihi. Barua ya onyo ilinifuata, na niliistahili. Boti nayo ilirudi, na Pamela akapangiwa mafunzo aliyoyaomba.

Tulifika Ng'ambo siku aliyoichora Pamela. Nilidhani nimekosea bichi. Wanaume kila mahali! Wengine wanaosha taa, wengine wanakunja nyavu, wameketi kwenye kingo za boti wanataniana. Kwanza tukawaita wale kumi na watano, mmoja mmoja, ndani ya kibanda cha mwenyekiti wa bichi. Dorina aliwapima wote. Mstari mmoja. Mstari mmoja. Tulipomaliza wa mwisho Dorina alitoka nje akasimama akiangalia maji peke yake. Wote kumi na watano, mstari mmoja. Tukawajazia chupa zao, na Dorina akatuambia kila mmoja arudiwe kupimwa safari ijayo, ili tuwe na hakika.

Wale wanaume wengine wakabaki wanatutazama kwa mbali. Hakuna aliyesogea. Nikafungua kinywa niwahubirie, Pamela akanishika bega. Yeye na Ojwang' walikuwa wamezungumza nyumbani na kukubaliana, sikujua. Wakaenda wote wawili wakasimama katikati ya nyavu.

"Mnanijua," akasema Pamela. "Mnamjua mume wangu. Yeye ana virusi na anameza dawa, mmemwona akivuta nyavu kuliko nyinyi. Mimi sikuwa na virusi. Sasa ninavyo. Mimi nilichelewa kwa sababu ya karatasi ya ofisi. Nyinyi leo dawa ziko hapa, sista yuko hapa, na mko macho. Mtachelewa kwa sababu gani?"

Mzee mmoja mwenye boti, aliyekuwa anafuta kioo cha taa, akaiweka chini, akapangusa mikono kwenye suruali. "Omera, ndugu yangu, laini inaanzia wapi?" Ojwang' akamwonyesha, naye akasimama nyuma yake ingawa hakuwa na haja ya kupimwa, ili yule mzee asisimame peke yake.

Tulipima mpaka vipimo vikaisha, na watu bado walikuwepo. Nikaketi kwenye ukingo wa boti nikaandika ripoti pale pale. Nilipomaliza sikuitia sahihi, nilimpa Pamela aisome kwanza. Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari, uso haubadiliki. Akanirudishia.

"Ni sawa. Lakini hujaandika mnarudi lini."

Nikamwuliza siku. Akanitajia, nikaiandika mbele yake, na siku hiyo tulirudi.